Mtunza Maji Akishakufa, Nani Anafungua Bomba?

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi wilayani Newala na ninaandika riwaya ya wakati ujao. Ni mwaka 2190. Bahari imeimeza Mikindani na sehemu kubwa ya Mtwara mjini, watu wamepanda kuishi juu ya Uwanda wa Makonde. Mtawala anaitwa Mtunza Maji, kwa sababu mashine za kusukuma maji kutoka bondeni ni zake. Ametawala miaka 51, na mafundi wameihifadhi akili yake ndani ya mtambo. Sura ya 11 anakufa. Sura ya 12 Somoe, msichana yatima, anaingia ikulu na wafuasi wake, watu wanashangilia, hadithi inakwisha. Wenzangu waliosoma wanasema mwisho hauaminiki. Mmoja kanishauri niongeze vita. Mwingine kasema siasa haikai kwenye hadithi za namna hii, niiondoe. Mimi naogopa nikiingia ndani zaidi nitaambiwa namsema mtu. Na kuna jingine: mwaka 2013 nilikuwa darasa la tano Mtwara mjini wakati wa vurugu za gesi, na kila nikifika kwenye sura ya mageuzi kalamu inakuwa nzito. Nifanyeje?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na hongera kwa kufika sura ya 12, maana wengi huishia njiani. Nimekuelewa hivi: una mtawala anayeaminika, una nchi inayoaminika, lakini utawala unapobadilika msomaji anaacha kukuamini, na hujui kama tatizo ni siasa kuzidi au siasa kupungua. Nakujibu moja kwa moja: imepungua. Wenzako wameona sawasawa kwamba mwisho una walakini, ila ushauri wa vita na ushauri wa kuondoa siasa vyote viwili vinakupeleka mbali na palipovunjika.

Tuanze na huyo anayesema uiondoe siasa. Huwezi. Ukishaandika kwamba maji yako chini, watu wako juu, na mashine ni za mtu mmoja, siasa imeshaingia tangu ukurasa wa kwanza. Wala hukuitoa hewani. Juu ya uwanda wenu hakuna mito; mvua ikinyesha inazama mchangani. Kina mama wa Newala na Tandahimba wameteremka mabondeni na ndoo kichwani vizazi na vizazi, na hadi leo maji ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni, Mitema, kupandishwa huko juu. Msomaji wa kwenu atamwamini Mtunza Maji kabla hujamaliza sentensi ya kumtambulisha. Hiyo ni mali, usiitupe.

Palipovunjika ni hapa. Umeandika kana kwamba uongozi unabadilika siku mmoja anapokufa na mwingine anapoingia ikulu. Kinachohama siku hiyo ni cheo. Utii hauhami siku hiyo. Utii umetawanyika kwenye mikono ya watu wengi wadogo: fundi wa mashine, karani wa kilula (kituo cha kuchotea maji), mgambo wa getini, dereva wa boza, mama anayepanga foleni ya ndoo. Kila mmoja wao ataamka kesho yake na kuamua, mara nyingi bila kujua kwamba anaamua, amri ya nani bado ni amri. Kati ya cheo kuhama na utii kuhama kuna mwanya. Unaweza kuwa wa siku mbili, unaweza kuwa wa miaka saba. Riwaya yako imo ndani ya mwanya huo, nawe umeuruka kati ya sura ya 11 na ya 12.

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Panda basi la Lindi, uendelee hadi Kilwa. Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji wa Kilwa, na Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala akakimbia. Ibrahim mwenyewe alikuwa na doa: alishika mamlaka baada ya Sultani al-Fudail kuuawa, na kwa wengi alikuwa mnyang'anyi wa kiti. Wareno wakamsimika Muhammad Ankoni, mtu mashuhuri wa mjini lakini si wa ukoo wa masultani, wakamvika taji. Taji analo, meli za kivita anazo nyuma yake, ngome inajengwa. Kisha akafanya jambo ambalo natamani kila mwandishi wa hadithi za watawala alijue: akaomba atakayemrithi awe mtoto wa al-Fudail, si mwanawe mwenyewe. Alijua taji peke yake halitamfanya muuza nguo wa sokoni ainamishe kichwa kwa dhati. Alihitaji kuazima haki ya ukoo ulioondolewa ili utawala wake upate pa kuegemea. Haikumsaidia. Mwaka uliofuata akauawa, wadai wa kiti wakagombana, biashara ikadorora, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha Kilwa. Ukihesabu kwa vyeo, Kilwa ilipata mtawala mpya kwa siku moja. Ukihesabu kwa utii, kwa miaka saba haikumpata.

Mfano wa pili unakwenda kinyume. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, alinyongwa Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimewaka Umatumbi. Kwa hesabu ya sura yako ya 11, hadithi ingekwisha hapo. Vita vilidumu hadi 1907, vikapita Liwale na Masasi, vikafika Mahenge na Ungoni, kwa sababu maji yale ya dawa yalikuwa yameshasambazwa na wajumbe, na kila aliyeyapokea alikuwa na lake moyoni: pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko. Kiongozi alikufa, utii kwa neno lake ukaendelea kutembea bila yeye.

Na upo mwanya wa amani kabisa. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, lakini uenyekiti wa chama alibaki nao hadi 1990. Kofia mbili, vichwa viwili, miaka mitano. Hakuna risasi iliyolia, ila fikiria ungeandika riwaya ya katibu mmoja tu wa ofisi fulani katika miaka hiyo: anapotoka kikaoni na karatasi yenye utata, anabisha mlango upi kwanza? Machi 2021 mwanya ulikuwa mfupi. Rais Magufuli alifariki tarehe 17, Mama Samia akaapishwa tarehe 19. Hatukuwa tumewahi kufiwa na Rais wa Muungano akiwa madarakani, lakini jibu lilikuwa limeshaandikwa katika Katiba, ibara ya 37: Makamu wa Rais ataapishwa na kumalizia kipindi kilichobaki. Kanuni iliyoandikwa mapema ndiyo inayofupisha mwanya. Katika muhtasari wako sioni kanuni yoyote ya urithi. Iweke mapema, sura ya 2 au ya 3, iwe jambo la kawaida ambalo watoto wanalikariri shuleni, ili Mtunza Maji akifa msomaji awe anaijua na aanze mwenyewe kuuliza nani ataivunja.

Sasa nije kwenye mtambo, maana hapo una kitu kikubwa na umekiacha kimelala. Umesema akili ya Mtunza Maji imehifadhiwa. Basi amekufa kweli? Kama mtambo unajibu maswali, unaweza kutoa amri? Nani mwenye haki ya kuuwasha, nani anasikiliza jibu, na nani anatoka nje kuwaambia watu mtambo umesema nini? Hadithi za ulimwengu wa kubuni zina kanuni moja isiyosamehe: kila ajabu unalolileta lazima uliulize linafanya nini kwenye mamlaka. Ukiwa na ajabu la mtawala asiyekufa sawasawa, urithi wote unabadilika. Huku kwetu watu wamekuwa wakipokea maneno ya waliotangulia muda mrefu kabla ya mitambo, na mabishano hayakuwa juu ya kama mzimu unasema. Walibishana juu ya nani anayestahili kutafsiri. Mpe fundi wa mtambo hiyo nafasi ya mtafsiri, na utakuwa umempata mtu hatari kuliko jenerali yeyote.

Somoe naye, kwa nini yatima asiye na ukoo? Najua, hadithi nyingi za mbali hupenda shujaa asiye na kwao. Lakini wewe unaandika kusini. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mkubwa wa ukoo hurithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Dini na sheria za serikali zimeleta hesabu ya upande wa baba. Familia nyingi zinaishi na hesabu zote mbili kimyakimya hadi mzee anapofariki, na siku ya arobaini ndipo mtu anapouliza shamba la mikorosho linakwenda kwa nani. Mfanye Somoe mtoto wa dada yake Mtunza Maji. Kisha mpe Mtunza Maji mtoto wa kiume, naye awe ndiye mwenye funguo za mtambo. Kila mmoja ana haki, kila mmoja ana watu wanaoapa kwamba mwenziwe ni mnyang'anyi. Hutahitaji kueleza lolote kwa msomaji wa Masasi wala wa Kilwa Kivinje. Atakuwa ameshachagua upande.

Nikuonyeshe ninavyouona mwanya ukiandikwa kwa karibu. Alfajiri, karani wa kilula anafungua daftari. Foleni ya ndoo imeshafika kwenye mkorosho. Kila stakabadhi ya maji hupigwa muhuri wenye jina la Mtunza Maji, naye ametangazwa kufa jana jioni. Aliye mbele ni jirani yake, ana mtoto mgonjwa nyumbani. Karani anaulowesha muhuri kwenye wino, anausimamisha hewani. Akiupiga, ameandika kwamba marehemu bado anatawala. Asipoupiga, mgambo atasema maji yametoka bila kibali. Jirani anamwambia, "Dada, piga tu, kiu haina matanga." Anapiga, lakini ameugeuza, jina linasomeka kichwa chini. Hadi saa sita mchana foleni nzima imeona. Jioni kilula cha pili nacho kinapiga kichwa chini. Somoe hajatia mguu ikulu, hana habari, na tayari nchi imeanza kubadilika.

Karani huyu unamjua. Unaishi kwenye korosho. Umeona mkulima amefika na magunia yake kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, macho yake yote yako kwenye mizani na kwenye mdomo wa anayetaja daraja. Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaingia kusomba, uamuzi ulitoka juu kabisa, lakini maswali ya vijijini yalikuwa ya papo hapo: nani anahakiki, nani analipa, wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima kinyume cha sheria, watatenganishwaje na wakulima. Mamlaka huonekana pale, kwenye meza ya mbao yenye daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ukiandika meza hiyo vizuri, ikulu unaweza kuitaja kwa mbali na msomaji akaihofu.

Nipime sasa njia zilizo mbele yako. Vita vinawezekana, na vina sifa yake: vinasisimua na vinatoa gharama. Udhaifu wake ni kwamba vinajibu swali la nani ana silaha, kisha asubuhi inayofuata yule karani bado anasubiri kuambiwa apige muhuri gani, nawe utakuwa umeongeza kurasa themanini na kurudi palepale. Uchaguzi unavutia pia, hasa kama daftari la wapiga kura limo ndani ya mtambo wa marehemu, lakini watu waliotawaliwa miaka 51 na mtu mmoja hawaamki siku moja wakajua kupiga kura bila kuogopa. Itakubidi uwafundishe ndani ya hadithi, na hiyo ni riwaya nyingine. Mimi ningechagua kaimu. Tarikhi ya Kilwa, maandishi ya kale ya habari za masultani wake, inamtaja Daud bin Sulaiman aliyemshikia kiti ndugu yake al-Hasan aliyekuwa amekwenda Makka, na aliporejea akamrudishia. Kaimu anayerudisha kiti ni habari njema. Kaimu ambaye hakuna anayejua kama atarudisha, akiwemo yeye mwenyewe, ni riwaya. Mwache mtoto wa Mtunza Maji akaimu hadi arobaini, na zile siku arobaini ziwe sehemu yote ya pili ya kitabu chako. Msomaji anazihesabu bila kuambiwa, kwa sababu anajua arobaini ni nini.

Gharama yake nakuambia wazi. Kitabu kitarefuka, na itabidi upunguze sura za mwanzo, pengine mbili nzima. Utapoteza zile shangwe za mwisho, najua unazipenda. Na Somoe hataweza kubaki mwema tu. Siku akikalia kiti atarithi mashine zilezile, mafundi walewale, wino uleule, na mtambo wenye sauti ya mjomba wake unaojua siri za kila ukoo. Azime au asizime? Swali hilo siwezi kukujibia, wala usilijibu kabla hujaandika siku ya thelathini na tisa.

Kuhusu hofu ya kuambiwa unamsema mtu. Wapo wanaodhani mwaka 2190 ni pazia. Si pazia. Shaaban Robert alipochapisha "Kusadikika" mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, aliiweka nchi hiyo angani, na bado msomaji wa chini ardhini alijua anasoma habari za haki na dhuluma za duniani. Wasomaji watafananisha, hilo huwezi kulizuia na hupaswi kutaka kulizuia. Unachoweza ni kuchagua unaandika nini. Ukimchora mtu mmoja wa leo ukambandika jina jingine, kitabu kitazeeka siku atakapoondoka madarakani, na unaweza kumwonea. Ukichora namna utii unavyojengwa na unavyohama, kitabu kitasomwa na mjukuu wako. Kama kuna mhusika mwenye sura, matamshi, cheo na visa vinavyomtambulisha mtu aliye hai, usitegemee ushauri wangu wa mbali. Mpelekee wakili mswada huo akusomee kurasa husika kabla hujampa mchapishaji. Na mkataba wa uchapishaji usiusaini mezani kwa watu. Uchukue nyumbani, utafute wa kukusomea.

Nimeliacha hili la 2013 hadi hapa kwa sababu nalipa uzito kuliko mengine. Ulikuwa mtoto wa darasa la tano mji ulipowaka kwa mgogoro wa bomba la gesi, Januari na tena Mei. Watu walikufa, majengo yakachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Huenda ndiyo maana sura ya mageuzi inakwisha haraka. Mkono wako unaharakisha kufika kwenye shangwe ili usikae kwenye zile siku ambazo hakuna mtu mzima aliyejua kesho nani ataamuru nini. Kama ni hivyo, si udhaifu wa uandishi wala uoga. Mtoto aliyewahi kuwa ndani ya mwanya anaujua kuliko profesa yeyote: harufu yake, redio iliyopunguzwa sauti, mama anayeuliza kama unga utatosha. Lakini usijilazimishe. Anza na karani na ndoo zake, mbali na moshi, uone mwili wako unasemaje. Ukiona usingizi unakukimbia, moyo unaenda mbio ukisikia kishindo, ndoto zinajirudia, au umeanza kuwakwepa watu, simamisha kuandika na uende hospitali ukaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, uso kwa uso. Usimalizie na mimi kwa barua. Mswada utakusubiri. Na kama yupo mtu wa familia uliyekuwa naye siku zile, mketi mzungumze, hata kama hamtaandika neno.

Jambo la kufanya wiki hii ni dogo. Sura ya 11 usiiguse. Watafute kina bibi wawili watatu wa Newala waliochota maji mabondeni, waombe ruhusa, wasikilize: nani alitangulia kisimani, nani aliamua zamu, ugomvi ulisuluhishwaje, na mkubwa wa kijiji alipofariki ile zamu ilibadilika au haikubadilika. Kisha chora ramani ya vilula vya nchi yako, kutoka mashine ya bondeni hadi bomba la mwisho, na kando ya kila kilula andika jina la mtu mmoja anayeweza kukifunga. Ukishaandika siku tatu za kwanza za msiba, nitumie kurasa hizo pamoja na ramani. Nitapenda kuona maji yanapita kwa nani kabla sijasema neno jingine kuhusu Somoe.